Majani Mabichi Nyuma ya Stoo

Kwa marehemu Masanja,
Mtaa wa nyuma ya soko,
Katoro, Geita.
Alhamisi, 17 Oktoba 2024

Mpendwa mwanangu Thobias,

Marahaba. Najua bado hujaniamkia, lakini nimeitikia kabisa, maana kwa jinsi mambo yalivyo huenda nafasi ya kuitikia isipatikane tena.

Hujambo? Rebeka hajambo? Watoto wanaendeleaje na joto la Masasi? Je, kile kikohozi chako kimeisha, au bado kinakushika kila unapoulizwa swali? Nakuombea afya njema. Nakuombea kwa bidii kuliko zamani, kwa kuwa kuna kazi inayokusubiri huku na inamtaka mtu mzima.

Mimi sijambo, ukiondoa goti la kushoto. Zamani lilikuwa likiuma, kesho yake mvua inanyesha. Sasa limeuma wiki mbili na mvua hakuna. Limejifunza uongo kwa watu wa nyumba hii.

Nimeamua kuandika kwa mkono kwa sababu simu yako siku hizi inapokelewa na yule binti anayesema hupatikani. Nimeongea naye mara nyingi hadi nimemzoea. Ana adabu, hakasiriki, ila kila nikimweleza shida zetu anarudia neno lile lile kwa Kiingereza. Karatasi haiishiwi salio. Tena wewe unajua mwandiko wangu: darasa la nne, lililobaki nimelisoma kwenye magazeti ya kufungia vitumbua, kwa hiyo habari nyingi za dunia nazijua mpaka katikati, pale mafuta yalipoanzia. Hii ya kwetu naijua yote.

Kaburi la baba yako nimelipalilia. Msalaba ulikuwa umeinama kidogo upande wa stoo, nikaunyoosha. Umeinama tena.

Habari ya kumuaga binti yako Salome mwezi wa Desemba tumeipata, kwamba utawaleta wakwe zako wajao hapa nyumbani ili mambo yafanyike mbele ya kaburi la babu yake. Ni jambo jema. Nitalirudia chini, usije ukadhani nimelisahau.

Sasa umeme. Nakueleza kama mgeni, maana mtu akikaa mbali husahau hata alichokifanya kwa mikono yake.

Nyumba yako ina milango mitano na mita moja. Mlango wa kwanza ni wangu, mimi shangazi yako. Wa pili ni wa Mzee Deusdedit, ambaye bado anajiona kamanda wa sungusungu ingawa filimbi alishanyang'anywa. Wa tatu ni wa Onesmo wa bodaboda na mkewe Ghati. Wa nne ni wa Bernadina, Mama Noela, yule mama ntilie anayewapikia wachimbaji, na binti yake. Wa tano ni stoo yenye kufuli lako, ile uliyoijenga juu ya kisima cha marehemu baba yako baada ya kutuambia kisima kimekauka. Tukakuamini. Kisima ni cha baba yako, na mtoto hawezi kumsingizia baba yake kukauka.

Tulikuwa tunachanga luku kila mwezi, Onesmo ananunua kwa simu, tunaingiza namba, tunaishi. Taa, redio yangu, televisheni ya Onesmo, pasi ya Ghati, friji ya Bernadina. Mchango mmoja ulikuwa unatufikisha mwezi unaofuata bila kelele.

Ikaja Juni. Wewe ulikuja na mafundi wawili tusiowajua, mkajifungia stoo siku kadhaa, ukasema mnapanga mifuko ya saruji. Nilikuletea chai ukaipokelea dirishani. Nikajisemea, saruji gani hii yenye aibu? Ukaondoka. Mwezi ule ule uniti zikaanza kuisha kabla ya wakati. Mwezi wa Julai zikaisha upesi zaidi. Tukaongeza mchango, nao ukaliwa. Kile kitaa chekundu cha kwenye mita kilikuwa kinapepesa kama mtu mwenye kwikwi.

Thobias, kama unataka kuwajua watu, wapunguzie umeme. Deusdedit alichomoa balbu ya nje akalala nayo chini ya mto. Onesmo alianza kuzima televisheni katikati ya mpira, wakati wageni wake wamekaa. Ghati alirudi kwenye pasi ya mkaa, na kila jioni alikuwa anapita madirishani akinusa kama mbwa, eti atajua nani anapikia jiko la umeme. Siku moja alinusa dirishani kwangu. Nikamwambia, "Ingia, mwanangu, ni mafuta ya goti, nikupake?" Akaenda zake.

Tulimwita fundi. Akaikagua mita, akagonga hapa na pale, akasema, "Mita yenu ni nzima kuliko ninyi. Umeme unaliwa humu humu ndani." Akanywa soda yetu akaondoka. Bora angekunywa akanyamaza, maana tangu siku ile kila mmoja alianza kumtazama mwenzake mdomoni.

Jumapili baada ya ibada tukakaa kikao uani, nawe ukapigiwa simu, ukawekwa kwenye spika juu ya kinu kilichogeuzwa. Sauti yako ilikuwa nzuri siku hiyo. Haikukatika hata kidogo.

Ulisema, "Shangazi, nyie mna macho lakini hamuoni. Hapo nyumbani nani ana friji?"

Watu wote wakageuka. Friji yenyewe, kama umesahau, ni ndogo kama sanduku la mwanafunzi wa bweni. Ndani yake huwa mna chupa za dawa ya sukari anayojichoma Bernadina, na nyanya zikibaki kazini.

Bernadina akasimama. "Baba Salome, friji hii unaijua. Ulinikubalia mwenyewe, tena ukaniongezea kodi kwa ajili yake. Huu mwaka wa tatu ipo. Umeme umeanza kuisha Juni."

Nawe ukajibu upesi, kama mtu aliyekuwa amelala na jibu mdomoni: "Basi Juni ndipo ulipoanza kuuza barafu."

Watu wakacheka. Kicheko kile ndicho kilichomhukumu. Deusdedit alikuja kutia muhuri tu. Akatangaza mchenya. Wewe mchenya unaujua, umezaliwa nao: mkosaji anatoa mbuzi, watu wa mji wanamla, na mkosaji anakula kipande cha kwanza mbele ya wote. Akishameza, amekiri, na yameisha.

Bernadina hakubisha kuhusu mbuzi. Alikuwa na mmoja, wa Noela, aliyenunuliwa kidogo kidogo kwa ajili ya sare na daftari za sekondari. Deusdedit alimfuata mwenyewe na kamba, akamfunga kwenye mpapai kusubiri Jumamosi.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Mbuzi yule alikata kamba. Tukamfunga, akakata tena. Kila akikata tunamkuta mahali pale pale, nyuma ya stoo yako, anakula kwa utulivu kama yuko kwao. Katoro ya Agosti unaijua, ardhi imekakamaa kama ngozi ya ngoma, hata mbigili zimekufa. Lakini nyuma ya stoo palikuwa na mstari wa majani mabichi, upana wa kanga iliyokunjwa, umenyooka kutoka ukutani kwako mpaka kwenye ua wa mabati. Nilisimama nikautazama. Katika mji ule wote aliyekuwa anafanya uchunguzi ni mbuzi peke yake.

Jumamosi tukamla.

Ghati alimpelekea Bernadina kipande cha kwanza, ini, kwenye sahani nzuri yenye maua. Bernadina akaipokea kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, akaitazama, akamrudishia.

"Nikila hiki nitakuwa nimeiba," akasema. "Sijaiba."

Deusdedit akambembeleza, maana nyama ilikuwa inapoa na hakuna aliyeruhusiwa kuanza kabla yake. "Kula, mwanangu. Kipande kimoja tu, yaishe. Nani atakukumbuka kesho?"

"Kula wewe, Baba. Wewe ndiye mwenye njaa."

Hapo Deusdedit akatamka lile jambo la zamani ambalo wengi tulikuwa hatujalisikia tangu ujana: mpaka siku atakapokula, Mama Noela asisalimiwe, asipewe moto, asipewe maji. Enzi za bibi yako, kunyimwa moto kulikuwa kunyimwa kaa la kuwashia jiko. Onesmo akauliza, sasa hivi moto ni upi? Wewe, uliyekuwa umepigiwa simu tena, ukajibu kwenye spika, "Mkate waya wake." Onesmo akapanda kwenye dari na koleo, akaukata, akauviringisha ule waya vizuri akauning'iniza msumarini. Bomba la uani likafungwa mnyororo, funguo zikagawiwa milango mitatu. Ukasema, "Safi sana." Neno hilo nimelihifadhi.

Nami nilikula. Nilipewa shingo. Alikuwa mtamu sana yule mbuzi, na hilo halikunishangaza, kwa majani mabichi aliyokuwa anakula.

Friji ikazima. Bernadina akatoa chungu, akaweka chungu kidogo ndani yake, mchanga katikati, dawa humo, kama muuguzi alivyomfundisha kwa siku za dharura. Chungu kile kinapooza vizuri tu, ila mchanga lazima uwe na maji. Na maji tulikuwa tumeyafunga mnyororo. Basi wakawa wanakwenda yeye na Noela kuchota kisimani kule ng'ambo ya machinjio, ndoo kichwani, yeboyebo miguuni, kwenye njia ya chupa na mifupa. Siku moja Bernadina akakanyaga kitu. Mwenye sukari hasikii mguuni. Aliendelea kukitembelea kidonda kile kama watu wanavyotembelea kiatu kipya.

Wakipita uani na ndoo zao, Ghati alikuwa anamwaga maji ya kufulia mbele yao ili njia iteleze. Hakuna aliyemtuma. Ilikuwa zawadi yake binafsi.

Noela yeye aliendelea kutuamkia. Kila asubuhi, na begi lake mgongoni: "Shikamoo, bibi." Kimya. "Shikamoo, babu." Kimya. "Shikamoo, mama." Kimya. Anakwenda shule. Kesho yake tena, mlango kwa mlango, kama mtu anayegawa karatasi za mkutano.

Na uniti? Zikaisha kama kawaida! Onesmo akauliza, "Sasa anaiba vipi bila waya?" Deusdedit akasema huyo ana mambo yake ya kwao. Ghati akasema anaiba kwa hasira. Hakuna aliyesema huenda tulikosea. Ukishakula mbuzi wa mtu, mwanangu, ni vigumu kumwona hana hatia. Nyama yenyewe iko tumboni inatoa ushahidi dhidi yake. Nilikupigia kukuambia. Ukasema kaza, Shangazi, ataungama. Kisha akaanza kupokea yule binti.

Mwisho wa Septemba nikachukua jembe. Watu walikuwa kazini, mimi nikaenda kwenye ule mstari wa marehemu mbuzi nikachimba. Shimo la kina cha kiwiko, udongo ukawa tope. Chini yake kuna bomba jeusi, jipya, limeungwa vibaya na linavuja kwenye maungio. Nikalifuata kwa macho mpaka kwenye mabati. Ng'ambo ya mabati, kama unavyojua vizuri kuliko mimi, ni mwalo wa Charles, wanakooshea mchanga wa dhahabu.

Nikazunguka kwa miguu. Charles alikuwa amekaa kivulini na soda. Aliponiona akasimama kabla sijafungua mdomo.

"Shikamoo, bibi. Kama umekuja kuhusu ya mwezi huu, nimeshamtumia Thobias."

"Marahaba. Ya mwezi huu ipi?"

"Ya maji."

"Maji gani, baba?"

Akanitazama kama mtu anayeangalia kama mzee ameanza kupotea. "Si ya kisima chenu, bibi? Tangu Juni. Maji mazuri, hayana tope, usiku na mchana. Kwani nyumbani hamjui?"

Nikamwambia tunajua, tunajua sana, nilikuja kumsalimia tu. Nikarudi.

Jioni niliwakusanya. Deusdedit alisita kugusa kufuli, akasema nyumba ni ya Thobias. Kufuli la mnyonge alilifunga kwa mkono mmoja, la mwenye nyumba likamtia ganzi. Onesmo akapiga nyundo mara mbili likaachia. Saruji hakukuwa na hata mfuko. Kulikuwa na magunia matupu, chini yake mbao, chini ya mbao mdomo wa kisima cha baba yako, na humo ndani maji yanang'aa. Bomba jeusi linatoka, na waya unashuka majini, umetolewa darini kwenye waya wetu sote. Pampu imezamishwa chini kabisa, haitoi sauti hata ya mbu. Ndiyo maana Ghati hakuinusa.

Onesmo akauchomoa ule waya. Tukasubiri. Ng'ambo ya mabati mtu akapiga kelele, "Oyaa! Maji yamekata huku!" Tukaenda kwenye mita. Kile kitaa chekundu kilikuwa kinapepesa polepole, kama mtu anayesinzia baada ya kazi ngumu.

Deusdedit akavua kofia. "Tumekula mbuzi wa nani sisi?"

"Wa Noela," akasema Ghati, kama aliyeulizwa bei ya vitunguu.

Tukakubaliana tumwite Mama Noela, Deusdedit aseme maneno mawili. Tukaenda mlango wa nne tukabisha. Noela akafungua, giza nyuma yake. Mama yuko wapi? Mama alikuwa ameanguka siku nne zilizopita, akichota maji kule ng'ambo ya machinjio. Vijana wa bodaboda walimpakia, kaka yake akaja kumchukua, akamkimbiza hospitali ya Kolandoto, kwa watu wao. Mtoto akabaki kwa sababu ya mitihani. Alikuwa amebisha milango mitatu kutuambia, na milango mitatu haikufunguka. Alitueleza hivyo bila kulia, mikono nyuma, kama anajibu swali la mwalimu. Kabla ya kueleza, alituamkia.

Jumatatu ya wiki iliyofuata nikapanda gari, nikashuka Tinde, nikabadilisha, nikafika Kolandoto na kuku mkononi. Hospitali wamejitahidi, wamemwokoa. Mguu wa kulia haukuokoka. Umekatwa chini ya goti. Alikuwa amelala, shuka limenyooka upande mmoja na upande wa pili limelala chini.

"Mwangaluka, mayu," nikamsalimu kwa Kisukuma. Kimya. Nikarudia. Kimya. Nikasema kwa Kiswahili, Mama Noela, habari za hapa.

Akageuza macho tu. "Bibi Sesilia, bado sijala ile nyama. Watakutoza mbuzi kwa kunisalimia."

Mgonjwa wa kitanda cha jirani akacheka, akidhani tunataniana.

Nikakaa, nikamsimulia yote: mstari wa majani, bomba, Charles, pampu. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatisha. Kisha akauliza, "Kwa hiyo sasa umeme unatosha?"

"Unatosha."

"Mungu mkubwa," akasema, akageukia ukutani. Kuku nikamwachia kaka yake.

Sasa nakuja kwako.

Jumapili iliyopita tulikaa kikao tena, uani pale pale, kinu kile kile, ila safari hii hakuna aliyekuweka kwenye spika. Umetozwa mchenya, Thobias. Dume la ng'ombe. Nisikudanganye kwamba watu walishikwa na uchungu wa haki. Kabla jina la Bernadina halijatajwa walikuwa wameshagawana mapaja. Ni wale wale waliokula mbuzi, na njaa yao ni ile ile. Imegeuka upande tu. Nimeliona hilo, na sikulizuia, kwa kuwa njaa ya watu ndiyo chombo pekee nilichokuwa nacho mkononi.

Mimi niliongeza neno moja, likapita kwa shida kwa sababu lina nauli. Kipande cha kwanza hutakila hapa. Kitafungwa, utakipeleka Kolandoto, ukile mbele ya kitanda cha Bernadina, akikutazama. Yeye ndiye atakayesema kama umemeza. Asiposema, unarudi kuleta ng'ombe mwingine.

Mpaka siku hiyo usisalimiwe, usipewe moto, usipewe maji. Wewe na unaokuja nao. Inaanza Jumamosi hii, saa kumi jioni.

Ndipo narudi kwa Salome, kama nilivyoahidi. Uje na wakwe zako Desemba, hakuna atakayewafukuza. Watakaa. Watatazama sufuria tupu na mafiga baridi. Wataomba maji ya kunawa, na watu watatazama pembeni kwa adabu kubwa. Mwenye mahema ni shemeji yake Onesmo, ameshaambiwa. Mpishi uliyemzoea alikuwa Bernadina, naye sasa hawezi kusimama jikoni. Na siku ya kumuaga binti, lazima shangazi wa ukoo amshike mkono amtoe ndani. Wewe dada huna, aliyebaki ni mimi. Wakwe watauliza shangazi yuko wapi. Nitakuwa nimekaa mlango wa kwanza, nasoma gazeti.

Utasema Salome hana kosa. Ni kweli hana. Noela naye hakuwa nalo.

Usifikiri kufanyia sherehe huko Masasi. Nimeshamwandikia barua mama mkwe mtarajiwa, ya salamu tu na furaha ya undugu, nikamsifia kaburi la baba yako mpaka akajibu kwa simu kwamba hawezi kuozesha kijana wake bila kuliona. Mama mwenye heshima sana. Anauliza maswali mengi.

Charles anasema unamdai, au yeye anakudai, sikusikiliza vizuri. Malizaneni. Kisima tumekifungua, kila mlango unachota kwa kamba na ndoo, na luku ya mwezi huu itafika mwisho wa mwezi ikiwa na uniti za kubaki. Chumba cha Bernadina tumerudisha waya. Noela amekataa kuwasha. Anasoma kwa kibatari nje ya mlango, tunamwona sote tukiwa tumekaa kwenye taa zetu.

Salamu. Mzee Deusdedit hakusalimii. Onesmo hakusalimii, alianza kusema neno Ghati akamkanyaga. Ghati mwenyewe hakusalimii, na anasema hakukupenda tangu zamani, jambo ambalo si kweli. Aliyesema nikusalimie ni Noela. Nilimuuliza mara mbili kama ana hakika, akasema ndiyo. Kikaoni hakuwepo, ni mtoto, sheria haimhusu. Na mama yake alimfundisha kuamkia hata watu wasioitikia. Kwa hiyo pokea shikamoo yake. Ni yeye peke yake.

Msalimie Rebeka na watoto leo leo. Wewe pia nakusalimu leo. Barua itakufikia baada ya Jumamosi, kwa hiyo lile neno "mpendwa" utakaloliona hapo juu, ulisome kama dawa iliyokaa nje ya friji.

Mungu akujalie maji na moto huko uliko, maana huku havipo kwa ajili yako. Ukifika, usiniamkie.

Ni mimi shangazi yako, akupendaye mpaka Jumamosi saa kumi,

Sesilia